Klabu za Vijana Zabaki na Wazee

Liko lalamiko moja ambalo siku hizi halikosekani katika mikutano ya maendeleo ya watu wa Pwani, uwe mkutano umefanyika katika ukumbi wenye feni na maikrofoni au barazani nje ya msikiti baada ya Isha. Lalamiko lenyewe ni kwamba vijana hawashikiki. Hufunguliwa klabu, hununuliwa mipira na vitabu, hukodiwa chumba, na watoto huja kwa wingi hata wakakosa pa kukaa. Baada ya miezi michache wale wa miaka 13, 14 na 15 huanza kupukutika mmoja mmoja, mpaka mwishowe wakabaki watoto wadogo wasiokuwa na kwingine pa kwenda, na watu wazima wenye vyeo. Hapo ndipo husemwa kuwa kizazi hiki kimeharibika, simu imewalevya, muguka umewamaliza. Kisha hunywewa kahawa, mkutano ukafungwa kwa dua, na kila mtu akaenda kwake ameridhika kuwa kosa si lake.

Mimi siridhiki na jawabu hilo, na leo nataka msomaji wangu anivumilie nieleze kwa nini.

Sisemi kuwa muguka si balaa. Mei 2024 serikali ya Kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na siku chache baadaye mahakama ikaisimamisha marufuku hiyo. Tukazozana sote, na majani yakaendelea kuuzwa. Lakini kwa niliyoyaona mimi, mtoto hatolewi klabuni na muguka. Hukutana nao baada ya kutoka, akiwa hana pa kukaa baina ya Alasiri na Magharibi. Ama hiyo simu, kila nyumba inayo, na watoto wa miaka tisa waliobaki klabuni nao wanaipenda vile vile. Mbona wao hawakutoka?

Nimefundisha utungaji wa mashairi katika klabu mbili za mitaani hapa Mombasa. Majina yake sitayataja, kwani wenyewe tungali twaamkiana. Katika mojawapo, siku ya kwanza ilibidi wengine wasimame dirishani, na Ramadhani ilipoingia nikawa nina wanafunzi wanane, wote wadogo. Mmoja katika waliotoka alikuwa kijana wa miaka 15 mwenye sikio zuri la vina, ambaye mizani haikumsumbua tangu wiki ya pili. Nilimkuta siku moja Marikiti akisukuma mkokoteni wa viazi. Akaniamkia kwa adabu zake zote.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hatukuoni?"

Akauegesha mkokoteni kando ya njia, akajifuta jasho. "Mwalimu, mimi nyumbani ndiye mwanamume. Babangu hayupo, mamangu hunitazama mimi. Pale klabuni mimi mtoto. Naketishwa na watoto wa darasa la tatu, naambiwa nyamaza, wakubwa wakinena. Hata ule ubao siruhusiwi kuufuta mpaka niulize."

Maneno hayo nimeyafikiri sana, kwa sababu ndani yake imo habari yote. Mtoto wa umri huo hupimwa kwa vipimo vitatu visivyopatana. Katika sheria ya dini amekwisha kubaleghe, naye ni mukallaf: sala ni juu yake, saumu ni juu yake, na dhambi zake haandikiwi mwengine. Nyumbani kwao, khasa ikiwa kipato ni kidogo, amekwisha kuwa mkono wa pili wa mamake. Ama katika sheria ya nchi, Katiba ya 2010 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kijana ni yule aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Yaani huyu tunayemlilia mikutanoni kuwa ni kijana aliyetukimbia, kwa kalamu ya serikali si kijana bado.

Pengine utasema hayo ni maneno ya mawakili. La, yana athari yake mitaani. Serikali ilipoanzisha Hazina ya Maendeleo ya Vijana mwaka 2006, na Hazina ya Uwezo mwaka 2013, fedha zilikusudiwa vikundi, na kikundi hutakiwa kiwe na watu wenye vitambulisho. Kitambulisho hakitolewi kabla ya miaka 18, na sisi watu wa Pwani twaijua taabu yake hata baada ya miaka hiyo. Basi kikundi kinachotaka mkopo huandikisha watu wa miaka 25, 28, 33. Hao ndio huwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwenye miaka 14 hubaki kupanga viti na kugawa soda wageni wanapokuja, na hupigwa picha akiwa mbele kabisa, ili ionekane kuwa klabu ni ya watoto. Nimeona mwenyekiti wa klabu ya vijana ambaye bintiye mwenyewe alikuwa mwanachama. Simlaumu kwa umri wake. Namlaumu kwa kukikalia kiti.

Mimi nilisoma chuoni kabla sijasoma shuleni, kama walivyosoma wengi wa rika langu. Chuo chetu kilikuwa ukumbi wa nyumba ya mwalimu, mkeka na bakora, na sitaki kuipamba bakora hiyo, kwani ilituuma. Wala hakukuwa na mpira, wala chai, wala fulana yenye maandishi kifuani. Hata hivyo watoto hawakupukutika walipofika miaka 13. Kwa nini?

Kwanza, kila mtoto alijua yuko wapi. Alianza na herufi na irabu, akaingia juzuu ya Amma, akapanda Tabaraka, akaendelea hivyo hivyo mpaka akafika Yasini, na mtaa mzima ulijua. Mama wakikutana kisimani au dukani waliulizana, "Wako amefika wapi?" na jawabu ilikuwapo. Siku ya kukhitimu palipikwa, halwa ikagawiwa, mtoto akavishwa kanzu mpya. Jaribu leo kumuuliza mzazi mtoto wake amefika wapi klabuni. Atakwambia, "Huenda." Kwenda si kufika.

La pili ndilo kubwa zaidi. Mkubwa alisomesha mdogo. Nilipomaliza Tabaraka mwalimu alinikabidhi watoto watano wa herufi, akaniambia hawa ni wako, wakikosea nitakuuliza wewe. Nilikuwa nina miaka 12. Tangu siku hiyo nilikuwa nikifika kabla ya wakati, kwani sikutaka watoto wangu waketi bila ya mtu. Mwalimu hakufanya hivyo kwa elimu ya malezi aliyoisoma katika vitabu. Alikuwa na watoto wengi na mdomo mmoja. Lakini natija yake ni kwamba umri ule ule ambao leo mtoto hujiona amezidi klabuni, ndio umri ambao chuoni alikuwa anaanza kuhitajiwa.

Tukiwatazama waliotutangulia tutaona kuwa jambo hili halikuwa geni. Zaid bin Thabit alikuwa mtoto wa Madina wakati Mtume S.A.W. alipohamia huko, naye akakabidhiwa kazi ya kuandika wahyi, na baadaye, katika ukhalifa wa Abubakar, ndiye aliyekusanya Kurani. Usama bin Zaid alipewa uongozi wa jeshi hali hajatimiza miaka 20, na ndani ya jeshi hilo walikuwamo masahaba wakubwa wakubwa. Wako walionung'unika kwa uchanga wake, na Mtume akawajibu mbele ya watu kuwa kijana huyo anaustahiki uongozi. Kisa hiki husomwa misikitini mwetu kila mwaka, na mara nyingi husomwa na wale wale ambao hawatoi ufunguo wa kabati la vitabu kwa kijana wa miaka 17.

Hata katika mambo ya burudani wazee wetu walijua. Beni za Lamu na Mombasa, Kingi na Skochi, zilikuwa na vyeo tangu juu mpaka chini: mfalme, jemadari, na wengineo. Watu waliocheka vyeo hivyo hawakuona maana yake. Mtu aliyekuwa mchukuzi bandarini mchana alikuwa afisa jioni, na aliyekuwa hana cheo aliitazamia siku yake ya kukipata. Lelemama za Mombasa nazo, Ibinaal Watan na Banu Saada, zilikuwa na mambo yayo hayo kwa wanawake. Na katika maulidi ya Lamu, katika msikiti wa Riyadha ulioanzishwa na Habib Swaleh, aliyefariki mwaka 1935, mpaka leo vijana wadogo hupiga twari mbele ya umati wa watu waliotoka kila upande wa pwani yetu. Hapo hakuna mtu anayemwambia mpiga twari wa miaka 14 asubiri mpaka apate kitambulisho. Twari ikikosewa, kisomo chote husikika kimekosewa, na mpigaji ajua.

Wazungu nao waliligundua hilo. Baden-Powell, yule mwanzilishi wa skauti aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, aliupanga uskauti katika vikosi vidogo vya watoto sita hadi wanane, na kiongozi wa kikosi ni mtoto mwenzao. Skauti wa Kenya wana madaraja yenye majina mazuri ya Kiswahili: Sungura, kisha Chipukizi, kisha Mwamba, kisha Jasiri. Anayetoka Chipukizi hatoki nje ya mlango, huingia Mwamba. Katika klabu zetu za mitaani hakuna Mwamba. Kuna Sungura, halafu kuna kamati.

Liko jambo jengine ambalo twalijua sote ila hatulisemi mikutanoni, kwa sababu mara nyingi mfadhili naye yupo amekaa meza ya mbele. Klabu nyingi zilizofunguliwa Pwani katika miaka hii ishirini hazikufunguliwa na mtaa. Zilifunguliwa na mradi. Mradi huja na muda wake, mwaka mmoja au mitatu, na huja na jina la balaa unalotaka kulipiga vita: dawa za kulevya, mimba za mapema, misimamo mikali. Sasa jiweke wewe katika nafasi ya mtoto wa miaka 14 wa Kisauni au Majengo. Umekwenda kucheza mpira na kujifunza kompyuta. Siku ya tatu waletewa karatasi uulizwe kama kuna mtu aliyewahi kukushawishi ujiunge na magaidi. Mtoto si mjinga. Ajua kuwa ameitwa pale kwa sababu anaogopwa, wala si kwa sababu anapendwa, na kuketi mahali ambapo wanaokulisha wanakuogopa ni kazi nzito hata kwa mtu mzima.

Kisha mradi hwisha. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo huo shirika lake la USAID likafungwa. Vikundi vilivyokuwa vikitegemea fungu hilo vilitikisika tangu Mombasa hadi Lamu. Chumba kikarudishwa kwa mwenyewe, mkufunzi akatafuta kazi nyengine, watoto wakaambiwa watapigiwa simu. Katika taarifa za mikutano mtoto aliyepatikana na hayo huandikwa kuwa "ameacha." Lau ningekuwa mimi ndiye mwandishi wa taarifa hizo ningeuliza kwanza nani amemwacha mwenziwe.

Posho nayo imetuharibia mengi. Mtoto aliyezoea kupewa nauli ya kuhudhuria semina hataona maana ya kwenda siku ambayo haipo. Lakini hilo alifunzwa na wakubwa, ambao wao wenyewe hawaendi mkutano usio na bahasha.

Ama wasichana, habari yao ni nyengine kabisa, na yanisikitisha kuwa mara nyingi haitajwi. Wao hutoka mapema zaidi kuliko wavulana, na hutoka kimya kimya. Msichana akisha kuvunja ungo, mamake huanza kuhesabu: chumba ni kimoja, wavulana wamo, choo hakina komeo, na kikao chamalizika jua limezama. Mama huyo huambiwa ni mshamba, anamfungia bintiye. Mimi namwona ni mtu mwenye akili anayepima alichokiona kwa macho yake. Mpe chumba cha wasichana chenye mwalimu mwanamke, na mlango unaofungwa kutoka ndani, na saa inayoisha kabla ya Magharibi, kisha ndipo umlaumu. Mabibi zetu wa lelemama hawakungoja mtu awafanyie hivyo, walijifanyia wenyewe; na mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake wa Kiislamu wa Mombasa walianzisha vyama vyao viwili vya elimu na maendeleo, wakaviendesha kwa mikono yao. Sioni kwa nini wajukuu zao wawe wageni katika klabu inayoendeshwa na kina kaka.

Wakati nao ni mfinyu. Mtoto wa Kiislamu wa hapa kwetu ana shule asubuhi, ana madrasa jioni au Jumamosi na Jumapili, na akikaribia mtihani ana masomo ya ziada ambayo mzazi ameyalipia kwa taabu. Mtihani wa zamani wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mfumo mpya umemletea mtoto kazi za mikono na miradi ya kupeleka nyumbani. Tulidhani mzigo utapungua, lakini mama wengi wananiambia umebadilika sura tu. Klabu inayotaka mtoto huyu siku nne kwa wiki imekwisha kumkosa. Siku moja yatosha, ikiwa siku hiyo kuna jambo ambalo bila ya yeye halifanyiki.

Ndugu mmoja tuliyekaa naye barazani alinipinga kwa nguvu. Akasema: bwana, wewe wataka kuwapa watoto fedha na funguo, watazila fedha na watapoteza funguo. Nikamjibu kuwa baadhi watafanya hivyo. Lakini tukihesabu fedha za vikundi zilizoliwa katika mji huu, walioziiba walikuwa wana ndevu. Na wala sisemi mtoto aachwe peke yake. Mwalimu wangu aliponikabidhi wale watano alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, sikio lake likinisikiliza. Mkubwa akae karibu, aone, arekebishe. Ila asitie mkono kila mara ambapo mtoto angeweza kutia wake.

Ningependa kuona klabu moja, mtaa wowote, ikijaribu mwaka mmoja tu. Waliopita miaka 25 wahamie baraza la washauri, wawe na sauti bila ya kuwa na mhuri. Daftari la mahudhurio liandikwe na msichana wa miaka 15. Timu ya mpira ichague nahodha wake, na nahodha apange nani acheze. Feisal, timu ya hapa Mombasa iliyochukua ubingwa wa nchi mwaka 1965, ilitokana na vijana waliocheza kwenye viwanja vya mitaa hii hii. Kila mwenye miaka 13 akabidhiwe wadogo watatu awafunze alichokijua, kiwe ni kusoma, kuogelea au kufunga mafundo ya kamba za jahazi. Maulidi ya klabu yakifika, watu wazima waalikwe kama wageni, waketi, wapewe kahawa, wasipange lolote.

Yule kijana wa mkokoteni nilimpelekea salamu kuwa nataka anisaidie kuwasomesha wadogo vina na mizani siku ya Ijumaa baada ya Alasiri, saa kumi, wakati ambapo soko limepoa. Alikubali. Nikamwendea mwenyekiti kumwomba ufunguo, kwani klabu hufungwa mpaka yeye atoke kazini. Akaniuliza nani atajibu ikiwa utapotea. Nikamwambia ufunguo wa pili huchongwa hapo hapo Mwembe Tayari kwa bei isiyofika ya sahani ya biriani. Akasema atalipeleka jambo hilo mbele ya kamati. Kamati haijakaa, na mlango ungali wafunguliwa saa kumi na moja na nusu.